Gari Kuukuu Linapozima Kwenye Foleni: Mashine, Kopo la Dawa au Spea?

Ukitoka Buhongwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea mjini Mwanza, foleni inakudaka Mkuyuni. Hapo ndipo Corolla yangu ilipojifunza kuzima. Inakuja vizuri, naachia mafuta nijipange nyuma ya daladala, mshale wa mzunguko unaporomoka chini ya 500 kwa dakika, injini inatikisika kama mtu aliyepaliwa, halafu kimya. Nyuma honi, bodaboda zinapita kushoto na kulia, na mimi mwalimu mzima nageuza funguo huku najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ule mzunguko wa injini wakati hujakanyaga mafuta mafundi wetu wanauita sailensi. Gari langu, kwa lugha yao, lilikuwa halishiki sailensi. Ndani ya miezi mitatu nilibadilisha plagi, filta ya petroli na distributa ya mtumba. Likaendelea kuzima vilevile, ila sasa lilizima likiwa na spea mpya.

Njia unazowekewa mezani ni tatu: kupima kwa mashine, kununua kopo la dawa na kusafisha njia ya hewa, au kubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka tatizo lichoke. Nimezipita zote, tena kwa kuanzia mkiani. Ninachoandika hapa ni ipi inakufaa wewe, na hilo linategemea mambo mawili ambayo hakuna fundi aliyeniuliza: gari lako linasomaje hewa, na linazima saa ngapi.

Kwanza, saa ngapi

Chukua daftari uandike kwa wiki moja. Ni kipimo cha bure, na kwenye gari la zamani mara nyingi kinasema kweli kuliko mashine.

Kuna gari linalozima likiwa baridi, likishapata moto linatulia. Hilo lina kiu ya asubuhi: vali ya sailensi imegandishwa na masizi kwa hiyo hewa ya ziada haipiti, au sensa ya joto la maji inaidanganya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini tayari ina moto. Kwa sisi tulio karibu na ziwa, hasa mvua za Novemba na za Aprili, kuna mshukiwa wa tatu, nao ni unyevu kwenye waya za plagi. Mpime usiku. Fungua boneti mahali penye giza, injini ikiwa inaunguruma, puliza ukungu mdogo wa maji juu ya waya kwa chupa ya kupulizia. Ukiona vicheche vya bluu vinatambaa, umemaliza kazi. Mikono iwe mbali, umeme wa plagi hauna utani.

Linalozima likishachemka ni habari nyingine kabisa. Linatoka Nyegezi zima, linafika Igoma limekufa, unakunywa soda nusu saa, linawaka kama halikuwa na neno. Hapo ni koili, ignaita au sensa ya krenki, vitu vya umeme vinavyokata vikipata joto, au pampu ya mafuta iliyochoka. Namna ya kutofautisha ni jinsi linavyokata roho. Likizima ghafla kama umegeuza swichi, fikiria umeme. Likisitasita kwanza na kukohoa, fikiria mafuta. Na lipimwe palepale lilipozimia kabla halijapoa: je, plagi inatoa cheche? Ukilivuta mpaka gereji limeshapoa, litamwakia fundi vizuri na wewe utaonekana mzushi.

Kisha kuna kutikisika na kuna kuhema. Kutikisika kwa mpigo, gari linamisi, maana yake silinda moja haifanyi kazi. Injini ikiwa kwenye sailensi, chomoa soketi ya nozo moja (kile kinachopuliza petroli), sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Usichomoe waya za plagi injini ikiwaka kama wengi wanavyofanya. Utapigwa shoti, na ignaita inaweza kufa. Kuhema ni pale mzunguko unapopanda mpaka 1,500 hivi, unashuka, unapanda tena, wenyewe, hujagusa mafuta. Kuhema hakuhusiani na plagi hata kidogo, na laiti ningejulishwa hilo kabla sijazinunua.

La mwisho, na hili lisikuchekeshe: kama sailensi inabadilika au injini inazima unapokanyaga breki ukiwa umesimama, na unasikia mlio wa "sss" miguuni, busta ya breki inavuja hewa. Acha kusoma, peleka gari leo. Mteremko wa Bugando sio mahali pa kugundua kwamba breki imekuwa ngumu.

Mashine: inaona nini, haioni nini

Watu wengi hudhani mashine inataja kitu kilichoharibika. Inachotaja ni malalamiko ya sensa. Namba ya kosa kama P0171 haisemi "badilisha sensa ya oksijeni"; inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Paipu ya hewa iliyochanika kwa chini haina waya, haina namba, na mashine haitaijua kwa jina.

Hata hivyo kwa gari la kuanzia miaka ya 2000, mfano IST, Spacio au Fielder zenye injini ya 1NZ, mashine ndiyo pesa yako ya kwanza. Ila usiridhike na namba ya kosa. Mwombe fundi akuonyeshe takwimu zinazotembea injini ikiwaka, hasa asilimia ya marekebisho ya mafuta. Ikiwa kwenye sailensi kontroli boksi inaongeza mafuta kwa asilimia 20, na ukikanyaga mpaka mzunguko wa 2,500 nyongeza hiyo inapungua karibu na sifuri, kuna hewa inaibwa mahali. Ufa mdogo unaumiza injini inapovuta hewa kidogo. Ikivuta nyingi, ufa haustui tena. Nyongeza ikibaki juu hata kwenye 2,500, uliza kuhusu pampu, filta ya petroli au sensa ya hewa iliyochafuka. Kipimo hicho kimoja, dakika mbili, kinakuepusha na nusu ya manunuzi yangu.

Kwa gari la miaka ya 1990 lililotoka Japani hadithi inageuka. Mashine nyingi za kuchomeka chini ya usukani hazielewani nalo, hata pale tundu linapofanana. Fundi anachomeka, mashine inazunguka kutafuta, anakuambia "kontroli boksi imekufa". Haijafa, haiongei lugha hiyo. Toyota hizo zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa imezimwa unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya presha ya hewa. 41 ni sensa ya throto, mlango wa hewa wa injini. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, haina kosa iliyolihifadhi. Soma ramani mara mbili kabla ya kuchomeka, maana matundu mengine ya jirani hayapendi kuchezewa.

Langu lilikonyeza mfululizo. Safi kabisa. Na bado likazima Mkuyuni siku iliyofuata.

Jambo moja kuhusu mahali tulipo, na hapa hata fundi mzuri anaweza kuteleza. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukisoma sensa ya presha swichi ikiwa wazi na injini haijawaka, Dar itakupa karibu kilopaskali 101, Mwanza karibu 88. Aliyezoea pwani akiona 88 anaweza kuihukumu sensa nzima. Vivyo hivyo geji ya vakyumu, ile ya kupima mvuto wa hewa wa injini: injini inayosoma inchi 18 hadi 21 za zebaki Dar, huku itasoma pungufu kwa inchi tatu au nne, na haina ugonjwa wowote. Vitabu vingi vya injini vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari.

Kopo la dawa: linafua masizi, halizibi ufa

Kusafisha throto ndiyo njia ninayoipenda, nakiri upendeleo. Ni nafuu, na hata kama siyo dawa ya tatizo lako, hujapoteza kitu ambacho gari lilikuwa halihitaji. Mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini hujenga utando mweusi kuzunguka kile kipepeo cha throto. Kipepeo kikijifunga, hewa inayotakiwa kupenya pembeni inazibwa, mzunguko unaporomoka. Dalili yake ndiyo ile yangu: linazima ukiachia mafuta, siyo ukikanyaga.

Toa mpira mkubwa wa hewa, tumia mswaki laini na dawa ya throto, injini ikiwa imepoa. Dawa hiyo inawaka, usiinyunyize juu ya ekzosi ya moto. Usiitumie kwenye sensa ya hewa ile yenye uzi mwembamba ndani ya bomba la eakilina. Ile ina dawa yake, na haiguswi kwa mswaki wala kwa kidole. Kama throto yako haivutwi kwa kebo bali kwa mota, usikisukume kipepeo kwa nguvu, utavunja gia ndogo za ndani. Na wenye Nissan wajiandae: ukishasafisha, sailensi inaweza kupanda juu na kubaki hapo mpaka kontroli boksi ifundishwe upya. Hilo siyo kosa la kusafisha, na ndiyo sababu ya watu kusema "walilisafisha ndipo likaharibika".

Kopo lina mpaka. Kama paipu ya vakyumu imepasuka, au gasketi ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) imekauka, unaweza kusafisha mpaka throto ing'ae kama sufuria ya harusi na ufa utakuwa palepale. Ufa unautafuta kwa maji, kwa ile chupa ya kupulizia: puliza kwenye kila kiungo cha paipu na kandokando ya manifoldi injini ikiwaka, ukisikia mlio unabadilika, hapo hapo. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Wapo pia walioungua nyusi.

Hapa ndipo lile swali la gari linavyosoma hewa linapoingia, na ningependa ulikumbuke kuliko mengine yote. Gari lenye sensa ya hewa kwenye bomba linahesabu hewa inayopita mlangoni. Hewa ikiingilia dirishani, yaani kwenye ufa, haihesabiwi. Mafuta yanapungua, injini inatikisika na kuzima. Gari lenye sensa ya presha, kama Corolla zenye injini za 5A na 4A, linapima presha ndani ya manifoldi. Ufa ukileta hewa, sensa inaiona, kontroli boksi inaongeza mafuta, na sailensi inapanda badala ya kushuka. Ufa uleule, dalili mbili zinazopingana. Jirani yangu mwenye IST aliniambia tatizo langu ni paipu kwa sababu la kwake lilikuwa paipu. Alikuwa mkweli, ila magari yetu hayafanani.

Kuna injini moja ambayo kopo halifiki kabisa: zile za D-4, kwenye baadhi ya Vista, Nadia na Premio. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti tena nyuma ya vali kuziosha, kwa hiyo masizi yanaganda pale kama ukoko. Kusafisha throto kutasaidia wiki mbili. Dawa ya kweli ni kufungua manifoldi na kuukwangua ukoko kwa mkono, na hilo halifanywi na mtu anayejaribu.

Nilisafisha langu Jumamosi moja, uwanjani nyumbani. Jumatatu nikapita Mkuyuni bila kuzima. Lakini asubuhi, mahali pa kuegesha shuleni, lilikuwa bado linahema: juu, chini, juu, chini, mpaka wanafunzi wakawa wanaliigiza.

Kilichokuwa kimetolewa

Mzee mmoja, fundi wa zamani wa magari ya samaki, ndiye aliyeangalia geji ya joto kabla ya kufungua boneti. "Madamu, hii sindano huwa inafika katikati?" Nikamwambia tangu ninunue gari haijawahi kufika, na nilikuwa naona ni sifa. Akacheka. "Hili halina themostati, mama. Na maji ya rejeta yamepungua."

Nilimwambia aliyenihudumia mwanzo alisema themostati ni ya nchi za baridi. "Ndivyo wanavyosema," akajibu. "Injini haijui iko nchi gani. Inajua nyuzi tu."

Themostati ya Toyota hizi hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, maji yanazunguka muda wote na injini inakaa na ubaridi, hasa ukiendesha kandokando ya ziwa upepo ukiwa unavuma. Kontroli boksi inaamini bado ni asubuhi, inaongeza mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na fundi mwingine anakuuzia plagi. Upande wa kuhema, Toyota nyingi za miaka hiyo hupitisha maji ya rejeta chini ya throto ili vali ya sailensi ijue injini imepata moto. Maji yakipungua, hewa inakaa kwenye hicho kijia. Vali inabaki wazi kama ya alfajiri, mzunguko unapanda, kontroli boksi inaona mguu haupo kwenye mafuta na mzunguko uko juu, inakata petroli, mzunguko unaanguka, inarudisha petroli, unapanda tena. Ndiyo yale mahemo.

Themostati mpya, gasketi yake, kulanti, na kutoa hewa kwenye mfumo taratibu. Kati ya spea zote nilizonunua, hiyo ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

Spea: lini mpya, lini mtumba

Kwa hiyo siisemi vibaya njia ya spea. Ubaya wake ni kuwa ya kwanza. Ukishajua unachotafuta, uamuzi unaobaki ni mpya au mtumba. Distributa, throto kamili au vali ya sailensi ya mtumba kutoka Japani ni sawa kama muuzaji anakubali ujaribu na urudishe, na kama namba iliyochongwa inalingana na yako. Mara nyingi naichagua kuliko mpya isiyo na jina. Sensa ya mtumba, vivyo hivyo, kwa shingo upande. Pampu ya mafuta ya mtumba hapana; hujui imekula kilomita ngapi, na ikifia kati ya Usagara na daraja la Kigongo–Busisi utailaani peke yako. Plagi za mtumba ni mzaha, ingawa zinauzwa.

Kwenye plagi, za kawaida hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Kwenye 1NZ ambayo plagi zimekaa chini ya koili nne, iridiamu halisi inajilipa. Kwenye Corolla ya 1996 inayokula oili kidogo kama yangu, za kawaida zinatosha, maana oili itazichafua kabla ya muda wake kwa vyovyote. Iridiamu bandia ni hasara kuliko zote mbili, na masanduku yake ni mazuri sana.

Ningeanzia wapi leo

Ningekuwa na IST au kitu cha rika hilo: mashine kwanza, lakini kwa takwimu zinazotembea, kisha kopo, na koili baada ya kuhamisha ile inayoshukiwa kwenda silinda nyingine kuona kama misi inahama nayo. Ningekuwa na Toyota ya miaka ya 1990: maji ya rejeta na themostati kabla ya kitu chochote, waya wa kukonyeza, kopo, na chupa ya maji ya kutafuta ufa. Mashine ingekuwa ya mwisho. D-4, ningeweka akiba ya kufungua manifoldi na nisidanganyike na makopo. Pikapu ya kabureta ni rahisi kuliko zote, jeti ya sailensi na choki ndiyo habari yake yote, na fundi yeyote mwenye mvi ataimaliza kabla chai haijapoa. Na la kuzima likichemka, gari la rika lolote, ningelipeleka kwa fundi wa umeme, tena likiwa la moto.

Langu sasa linashika 750, AC ikiwa imezimwa. Nikiwasha AC usukani unatetemeka kidogo. Mzee anasema ni maunting ya injini, ule mpira wa kuishikilia, ya upande wa kulia, na nimeiandika daftarini isubiri mshahara.